Kilo, Lita na Ampea: Na Trela Letu Hadi Jangwa la Arizona

Kaskazini mwa jimbo la Indiana, karibu na mpaka wa Michigan, iko kaunti ya Elkhart. Ukitokea Indianapolis tunakoishi, unapita mashamba ya mahindi mpaka unachoka, kisha viwanda vinaanza: mabanda marefu ya bati, na mbele yake safu za matrela mapya yanayosubiri kuvutwa kwenda sokoni. Zaidi ya asilimia 80 ya nyumba za magurudumu zinazotengenezwa Marekani hutoka Indiana, nyingi zikiwa za Elkhart na kaunti za jirani. Wafanyakazi wengi wa viwanda hivyo ni Waamish, Wakristo ambao kwa mapokeo ya dini yao hawamiliki magari. Asubuhi huja kazini kwa baiskeli au vigari vya farasi, na kutwa nzima hukata mbao, hufunga kabati na kutandaza mapaa ya nyumba ambazo wenzao watazivuta hadi pwani ya Pasifiki.

Tulikwenda huko mimi na mume wangu kuangalia kabla ya kununua. Baba Zawadi ni dereva wa malori tangu ujanani, kwanza kati ya Dar es Salaam na Tunduma, sasa katika barabara kuu za Marekani. Kwa miaka mingi ameipita nchi hii akiwa na mzigo wa watu na saa ya kufika. Watoto walipokwisha kujitegemea, tukakubaliana kwamba sasa tutaipita tukiwa na kitanda chetu na jiko letu, na tutasimama tutakapopenda. Tulichokitaka ni trela la kuishi la aina ambayo Wamarekani huiita gurudumu la tano.

Trela la kawaida la kambi hufungwa kwenye mpira wa chuma nyuma ya bampa. Gurudumu la tano lina shingo inayopanda juu ya bodi ya pikapu, na chini ya shingo hiyo ipo kingpini yenye unene wa inchi 2. Kingpini inakamatwa na taya za sahani ya chuma iliyofungwa bodini, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ni mfumo uleule wa semitrela zinazotoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, ila huu ni mdogo. Kwa kuwa uzito wa mbele umekaa juu ya ekseli, trela halichezi mkia kirahisi upepo unapolipiga ubavuni au lori kubwa linapolipita, na kona linaikata kwa karibu zaidi. Ndani, chumba cha kulala kiko juu ya shingo, unakifikia kwa ngazi fupi. Sebule na jiko viko chini, na dari yake ni ya kutosha kusimama kwa raha.

Wauzaji humpeleka mteja jikoni kwanza. Humwonyesha meza pana, televisheni, na moto wa umeme unaowaka ukutani. Baba Zawadi alianzia kwenye mlango wa dereva wa pikapu yetu. Kwenye fremu ya mlango huo kuna kibandiko chenye rangi ya njano kinachotaja uzito wa juu wa watu na mizigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Namba hiyo ndiyo inayomchagulia mtu trela. Matangazo husifu uzito ambao pikapu inaweza kuvuta, na ni kweli, injini za dizeli za siku hizi zina nguvu nyingi. Lakini gurudumu la tano huvutwa na hubebwa pia. Kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito wake hulala mgongoni mwa pikapu kupitia ile kingpini.

Tufanye hesabu. Trela lenye pauni 12,000 likiwa limeshapakiwa, yaani karibu kilo 5,400, kwa asilimia 22 litaweka pauni 2,640 juu ya pikapu. Ongeza sahani ya chuma yenyewe, pauni 150 au zaidi. Ongeza watu wawili, sanduku la spana, jenereta ndogo na madumu ya maji. Umekwisha kuvuka pauni 3,200. Pikapu nyingi za dizeli za daraja la robo tatu ya tani, kama Ford F-250, zina kibandiko kinachoishia pauni elfu mbili na kitu. Zitaliondoa trela hilo mahali lilipo bila shida yoyote, lakini springi za nyuma zitakuwa zimelala, tairi zimezidiwa, na taa za mbele zinamulika juu. Ndiyo sababu sisi tunatumia pikapu ya daraja la tani moja. Bodi yake ni ndefu, futi 8, kwa hiyo tunapokata kona kali pembe ya trela haifikii dirisha la nyuma la kabini. Wenye bodi fupi hulazimika kununua sahani inayoteleza nyuma ili kupata nafasi hiyo.

Mtu aliyewahi kukaa foleni kwenye mizani ya Vigwaza au ya Mariakani anaifahamu lugha hii. Huku Marekani trela la familia halikamatwi mizanini, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa hakuna askari wa kukukumbusha. Unajipima mwenyewe. Vituo vikubwa vya mafuta vya malori vina mizani ya kampuni ya CAT, ambayo kwa dola chache hukupa karatasi yenye uzito wa ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma na ekseli za trela, kila moja peke yake. Tulipima pikapu tupu kabla ya kununua, tukapima tena baada ya kupakia kila kitu mpaka sufuria ya mwisho. Ile tofauti ndiyo uzito wa maisha yetu ya safarini, na ilikaa ndani ya mipaka ya magari yote mawili.

Trela jipya la kiwango cha kati hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na thamani yake huanza kuanguka siku linapotoka kwenye yadi. Tuliamua kutafuta lililotumika, la futi 34. Hapo ukaguzi unakuwa kazi ya mikono, miguu na pua. Adui mkubwa wa matrela haya ni maji ya mvua. Paa nyingi ni za utando wa mpira, na kila tundu lililotobolewa, la feni, la bomba la choo, la antena, limezibwa kwa gundi ambayo jua huikausha na kuipasua. Maji yakipata upenyo wa unywele hushuka ndani ya ukuta, mbao zikaoza kimyakimya, na kwa nje ukuta wa faibaglasi unaanza kuvimba mapovu. Baba Zawadi alipanda paani akaikagua gundi kwa kidole, tundu kwa tundu. Mimi nilivua viatu nikatembea ndani na soksi. Mguu usio na kiatu husikia haraka mahali sakafu inapobonyea, na nilitembea zaidi mlangoni, bafuni, na pembezoni mwa ule ubavu unaosukumwa nje kwa mota ili kuongeza sebule. Nilifungua kila kabati nikaingiza kichwa, kwa maana harufu ya ukungu haifichiki kwa manukato. Matrela mawili tuliyakataa kwa harufu peke yake.

Tairi nazo zina siri yake. Trela hukaa miezi mingi bila kutembea, hivyo tairi zake huzeeka kabla ya kuisha kashata. Kwenye ubavu wa tairi, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2317 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Hata kama inang'aa kama mpya, mafundi wengi watakushauri uitoe ikishatimiza miaka mitano au sita. Tulifunga tairi mpya zote, na katika kila moja tukaweka kipimo cha upepo kinachotuma taarifa kwenye skrini ndogo mbele ya dereva.

Katika vifaa tulijizuia. Maduka ya kambi yamejaa vitu, na kila kimoja kina uzito. Vichache ni vya lazima. Cha kwanza ni kilinda umeme, kwa sababu nguzo za umeme za kambi nyingine ni za zamani na zimechoka, na umeme ukishuka au kuruka unachoma kiyoyozi na friji. Trela dogo hutumia plagi ya ampea 30, yaani wati 3,600 kwa volti 120. Kubwa hutumia ya ampea 50 yenye njia mbili za umeme, na hiyo inafika wati 12,000. Anayetaka kuwasha viyoyozi viwili na tanuri la maikrowevu kwa pamoja aijue tofauti hiyo kabla ya kulipia kiwanja. Cha pili ni kipunguza presha ya maji, kwani mabomba ya plastiki ya trela hayastahimili kila presha ya mjini. Cha tatu ni mpira mweupe wa maji ya kunywa, usiochanganywa kamwe na mpira wa kusuuzia tangi la choo. Cha nne ni glavu na mpira imara wa kumwagia taka. Cha tano ni kengele za kugundua gesi ya kupikia na gesi ya moshi isiyo na harufu, ambazo tunazijaribu kila tunapofunga safari. Juu ya hivyo tuliweka paneli za sola za wati 400 na betri ya lithiamu ya ampea-saa 200, maana nia yetu ilikuwa kulala mahali pasipo na nguzo yoyote.

Tuliondoka Indianapolis mwezi Januari, theluji ikiwa bado pembeni mwa barabara. Kuunganisha trela ni kazi ya watu wawili na sheria moja: asipomwona mwenzake kwenye kioo, dereva anasimama. Vizuizi vilikuwa tayari mbele na nyuma ya tairi za trela. Nilisimama upande wake wa kushoto na tochi.

"Mama Zawadi, nipe kimo."

Nilimpandishia miguu ya mbele ya trela kwa mota mpaka bamba la kingpini likawa chini kidogo ya sahani, ili pikapu ikirudi nyuma ibebe bamba kwa kulisukuma juu. Likiwa juu mno, kingpini hupita juu ya taya na kugonga kabini.

"Njoo. Njoo. Kulia kidogo, Baba Zawadi. Njoo taratibu."

Chuma kikagusa chuma, shingo ikainuka kidogo, taya zikajifunga kwa mlio mmoja mzito. Mlio hautoshi. Niliinama na tochi nikaangalia kama taya zimeizunguka kingpini kabisa, pasipo mwanya, kisha nikachomeka pini ya usalama kwenye mkono wa kufungia. Waya wa dharura, ambao huwasha breki za trela endapo litachomoka, ukafungwa bodini. Plagi ya taa na breki ikaingia. Mlango wa nyuma wa bodi ukapandishwa. Halafu lile jaribio ambalo dereva wa lori halisahau hata akiwa na homa: miguu inanyanyuliwa inchi moja tu kutoka ardhini, breki za trela zinashikwa kwa mkono, na pikapu inavuta mbele kwa nguvu. Kama kuna kosa, trela litaangukia miguu yake umbali wa inchi moja na bodi ya pikapu itasalimika. Halikutikisika. Tukatoa vizuizi, tukakagua taa, tukaingia barabara ya I-70.

Safari yetu ilikuwa ya karibu maili 2,000. Njia fupi ya kwenda magharibi mwa Arizona ni kubaki kwenye I-40 na kupita Flagstaff, mji ulio karibu futi 7,000 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa baridi barafu hukaa huko, na mtu mwenye tani nyingi nyuma yake hana sababu ya kuitafuta. Tulipita Saint Louis, tukashika I-44 hadi Oklahoma City, tukaingia I-40 hadi Albuquerque, kisha tukakata kusini kwa I-25 mpaka Hatch, mji wa pilipili, na kutoka hapo kwa barabara ndogo hadi Deming kwenye I-10. Mabomba yetu yalikuwa yamejazwa kimiminika cha pinki kisichoganda, kwa hiyo kwa siku hizo za kwanza hatukufungua bomba hata moja. Maji ya kunywa na kupikia yalikuwa kwenye madumu ndani, tukanawa kwa birika, na choo tulitumia vya vituo.

Kaskazini mwa Texas, upande wa Amarillo, nchi ni sahani na upepo hauna wa kuuzuia. Trela letu lina kimo cha karibu futi 13, ukuta mzima wa kupokea upepo. Utabiri uliposema mavumo yatavuka maili 45 kwa saa, tuliegesha kambini, tukashusha miguu, tukapika maharage tukasubiri. Katika siku za upepo wa kadiri, Baba Zawadi aliendesha maili 60 hadi 62 kwa saa. Kwa mwendo huo pikapu yetu hula galoni moja ya dizeli kwa kila maili 10 hivi, sawa na karibu lita 24 kwa kilomita 100. Anayekimbia hulipa zaidi, na tairi zake hulipa pamoja naye.

Kabla ya Albuquerque barabara inaporomoka kupitia korongo la Tijeras. Hapo niliona faida ya dereva aliyelelewa na milima ya Kitonga. Alipunguza mwendo juu, kabla ya mteremko, akaiachia gia na breki ya ekzosti zishike uzito, na mguu wake ukagusa breki kwa vipindi vifupi tu. Breki zinazokanyagwa bila kuachiwa huchemka, na zikichemka hazishiki.

Baada ya Deming, upande wa Lordsburg, barabara ya I-10 inapita kwenye bonde kavu la ziwa la kale. Vibao vya barabarani vinaonya juu ya dhoruba za vumbi na kumwambia dereva la kufanya: atoke kabisa nje ya barabara, azime gari, aondoe mguu kwenye breki, abaki na mkanda. Sababu ya kuondoa mguu ni kwamba anayekuja nyuma bila kuona huzifuata taa nyekundu akidhani gari linatembea. Sisi tulipita anga likiwa safi, lakini maneno ya vibao vile nimeyakariri.

Quartzsite, tulikokuwa tunakwenda, ni mji mdogo jangwani, mahali I-10 inapokutana na barabara ya 95, karibu maili 125 magharibi mwa Phoenix. Wakazi wa kudumu ni elfu mbili na mia chache. Kiangazi joto lake halivumiliki. Baridi inapoingia kaskazini mwa Marekani na Kanada, wastaafu huteremka na nyumba zao za magurudumu, na jangwa linajaa hadi macho yanapoishia. Ardhi hiyo ni ya umma, chini ya idara ya shirikisho ya usimamizi wa ardhi. Katika maeneo kadhaa unaweza kukaa bure kwa siku 14. Katika eneo la La Posa, mojawapo ya maeneo ya wageni wa muda mrefu yaliyoanzishwa mwaka 1983, hulipiwa ada. Kwa miaka mingi ilikuwa dola 40 kwa majuma mawili au dola 180 kwa msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Kwa ada hiyo unapata bomba la maji, mahali pa kumwaga taka, na jangwa. Hakuna umeme, hakuna kiwanja chenye namba. Tulichagua changarawe ngumu iliyo sawa, mbali na mkondo mkavu wa mvua, tukaliacha trela lielekee mahali ambapo mlango utapata jua la asubuhi.

Nilisafisha mfumo wa maji: kimiminika cha pinki kikasukumwa nje, kisha kikombe kimoja cha klorini ya kufulia kikaingia katika tangi la galoni 60, maji yakapitishwa kila bomba, yakakaa, yakamwagwa, tangi likajazwa upya. Galoni 60 ni lita 227, madumu 11 ya lita 20 na kitu, na ndani ya trela yana uzito wa pauni 500. Bafu la kawaida la Marekani hutoa galoni mbili kwa dakika. Kwa hiyo nusu saa ya bafu, jumla ya watu wote, inamaliza tangi zima. Na si kumaliza peke yake, kwani maji hayo yakitoka huenda kwenye tangi la maji machafu, nalo lina kikomo. Likijaa, lazima ukunje kila kitu na kulivuta trela hadi pa kumwagia.

Majirani zetu walikuwa wazee wawili kutoka Minnesota, mke na mume, wapya katika kambi isiyo na mabomba. Trela lao lilikuwa kubwa na zuri kuliko letu, lakini maji yao yaliwaishia mapema. Bibi yule alipokuja kuniuliza sisi tunafanyaje, nilimwonyesha. Beseni moja, kopo moja, lita tano za maji ya uvuguvugu. Unajimwagia kidogo, unajipaka sabuni, unajisuuza kuanzia kichwani kushuka, na maji yanabaki. Vyombo: unafuta mafuta kwa karatasi kwanza, beseni la sabuni, beseni la kusuuza, na maji ya kusuuza ya mchana ndiyo ya sabuni ya jioni. Maji baridi yanayotoka kabla ya hita kupata moto yanaingia kwenye ndoo, hayaachwi yapotee. Hakuna nililolibuni. Ndivyo tulivyoishi Kigoma nilikozaliwa, na ndivyo wanavyoishi hadi leo mamilioni ya watu wanaochota maji kwa dumu. Bibi yule alichukua daftari akaandika. Nilijisikia fahari, na sioni haya kusema hivyo. Elimu ambayo watu huichukulia kuwa alama ya umaskini ilikuwa, pale jangwani, ndiyo ustadi unaohitajika.

Umeme nao una kata yake. Jua la Januari lilitujazia betri kufikia adhuhuri. Friji, taa, pampu ya maji na simu zilitosheka bila shida. Kinachokula betri usiku ni feni ya hita ya gesi, kwa sababu joto linaweza kushuka hadi nyuzi 4 au 5. Tuliwasha hita nusu saa kabla ya kulala na nusu saa alfajiri, katikati tukategemea mablanketi. Kiyoyozi, ambacho peke yake hutaka wati 1,500 hivi, hatukukigusa. Kila jioni tulisoma vipimo vitatu ukutani, maji, taka na betri, tukaamua kesho itakuwa ya kufua au ya kupumzika.

Mjini Quartzsite, katika makaburi ya zamani, kuna piramidi ndogo ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu. Amezikwa hapo Haji Ali, mchunga ngamia kutoka dola ya Uthmania, aliyeletwa Texas mwaka 1856 jeshi la Marekani lilipotaka kujaribu ngamia katika majangwa yake. Wanajeshi wakamwita Hi Jolly. Kwa jumla ngamia zaidi ya 70 waliletwa, na mwaka 1857 baadhi yao walibeba mizigo katika msafara wa Edward Beale wa kupima barabara kutoka New Mexico hadi mto Colorado, njia ambayo sehemu kubwa yake baadaye ilifuatwa na Route 66 na I-40. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jaribio lile likatupwa. Haji Ali alibaki, akafa mwaka 1902, na piramidi ikajengwa mwaka 1935. Nilimsomea Fatiha. Wageni wanaokuja kupiga picha ni wengi. Mimi nilifikiri juu ya mtu aliyeitwa kutoka mbali kwa ajili ya maarifa yake ya kupita mahali pasipo na maji.

Misafara imekwenda upande wa pili pia. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza Wamarekani wenye matrela 41 ya aluminiamu kutoka Cape Town hadi Cairo. Walikaribishwa na Mfalme Haile Selassie Addis Ababa, na mwaka 1960 wakaegesha karibu na piramidi za Giza. Matrela yao hayakuwa ya gurudumu la tano, na barabara nyingi walizopita zilikuwa za vumbi na tope. Nikiwa Quartzsite niliwaza jinsi kila familia ilivyolazimika kuyapanga maji na chakula chake kabla ya kila hatua, sawa na sisi.

Watanzania na Wakenya wenzangu wa huku huniuliza kama nawashauri wanunue. Jibu langu ni hili. Kodi kwanza, ukalale nje na familia yako, ujue kama mnapendezwa nayo. Ukiamua, soma kibandiko cha mlango wa pikapu kabla ya kuingia kwenye trela lolote, na ukiambiwa na muuzaji kwamba itavuta tu, usibishane naye, ondoka. Nunua dogo kuliko ulilolitamani. Viwanja vya kambi katika hifadhi nyingi za taifa vilichongwa zamani, wakati matrela yalikuwa mafupi, na mwenye futi 40 hubaki nje ya lango akitafuta kambi ya binafsi. Weka akiba ya tairi na gundi ya paa kabla ya akiba ya televisheni. Mfundishe kila mtu wa nyumbani kusoma vipimo, watoto pia, maana anayejua kilichobaki tangini hahitaji kukemewa.

Starehe ya nyumba hii iko katika kujua. Ukiwa mjini, maji yanatoka, taka zinaondoka, umeme unakuja, na hujui kiasi chake mpaka bili ifike. Ndani ya trela unakijua kila siku, kwa kilo, kwa lita, kwa ampea, na ukikijua unaweza kukaa jangwani majuma mawili kwa amani bila kumtegemea mtu. Sisi tumelipenda. Majira ya joto yajayo Zawadi anakuja na watoto wake, tunakwenda nao South Dakota kuona nyati. Kabla ya kutoka tutapita mizanini tena, kwa sababu wajukuu wanakuja na baiskeli zao, na baiskeli zina uzito.